Rovu na Chumvi

Katika nchi zetu za milima wazee wengi wamepata kumwona mtu mwenye rovu, yaani uvimbe mbele ya shingo, mwingine mkubwa kama chungwa. Wengine husema amerogwa, wengine kwamba ni kwa ajili ya kubeba mizigo mizito kichwani. Mimi mwenyewe niliamini hilo la mizigo mpaka tulipofundishwa habari za mwili.

Kisa chenyewe ni aidini, ile ile tunayopakwa vidondani. Shingoni mna tezi yenye umbo la kipepeo, ambayo kazi yake huuwezesha mwili kukua na ubongo kukomaa, wala haiwezi kazi hiyo bila aidini. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 tu kwa siku. Ya maisha yake yote haijazi kijiko cha chai. Tezi ikikosa hiki kidogo hujitahidi mno, ikavimba.

Mbona milimani hasa? Kwa sababu mvua za miaka maelfu zimeiosha aidini udongoni na kuipeleka baharini. Samaki wa bahari wanayo. Maharagwe yetu hupata kidogo sana.

Tena kuna jambo la muhogo. Katika miaka ya 1960 waganga wa Kibelgiji walichunguza kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu. Kaskazini zaidi ya nusu ya watu walikuwa na rovu, kusini-magharibi wachache tu, ingawa aidini ilipungua pande zote mbili. Waliona kwamba sumu ya muhogo usiotengenezwa vema huizuia aidini isiingie katika tezi. Kumbe bibi zetu wanaoloweka muhogo siku nyingi wana akili!

Lakini uvimbe si ubaya mkubwa. Mama mja mzito akikosa aidini sana, mtoto aweza kuzaliwa kiziwi, mfupi, mzito wa akili, naye hataponywa tena. Watoto kama hao huchekwa vijijini, na mama zao husingiziwa uchawi.

Mwaka 1917 huko Akron, Marekani, wasichana wa shule walianza kupewa aidini. Karibu wote waliopewa hawakuota rovu; wasiopewa, kama mmoja katika watano aliota. Mwaka 1922 Waswisi wa Appenzell wakaitia katika chumvi, maana tajiri na maskini wote hula chumvi kila siku, wala hakuna awezaye kula kupita kiasi asiisikie ulimini.

Ila aidini hupotea kwa unyevu, jua na moto. Chumvi ifunikwe, itiwe chungu kikikaribia kuepuliwa.

Kwetu chumvi ilikaa katika kibuyu wazi karibu na mafiga. Likizo iliyopita nilimpelekea mama kopo lenye kifuniko. Alicheka, akauliza kama ndiyo elimu ninayolipiwa karo. Lakini chumvi aliihamisha siku ile ile.