Machozi ya Mama Mzazi

Mchungaji aitwapo nyumbani kwa mama aliyejifungua, mara nyingi huitwa kwa ajili ya mtoto: kupanga siku ya ubatizo na kuwajua wadhamini. Katika ziara ya namna hiyo, mama mmoja alitueleza kwamba hawezi tena kuomba, na kwamba Mungu amemwacha kwa kuwa hampendi mwanawe ipasavyo. Tulidhani tunasikia maungamo. Tulimtangazia ondoleo la dhambi, tukaondoka na amani. Yeye hakubaki nayo. Majuma mawili baadaye alirudia maneno yale yale, amekonda, hali wala halali hata mtoto alalapo.

Si kila chozi ni ugonjwa. Wazazi wengi hulia katika siku za kwanza, homoni zinaposhuka ghafula na usingizi ukikatika. Hali hiyo hupita yenyewe katika majuma mawili. Upole na msaada wa nyumbani hutosha. Isipopita, tusiiite uchovu, wala kukosa shukrani. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mama mmoja kati ya watano hupatwa na ugonjwa wa akili, hasa sonona, baada ya kujifungua. Huzuni haiondoki, hofu juu ya mtoto huzidi kiasi, au mama humtazama mtoto kama wa jirani.

Ugumu wetu sisi watumishi ni kwamba ugonjwa huu huja ukisema lugha ya imani. Kwa kawaida hatia ya dhambi ina tendo linalotajika, na msamaha huitua. Hatia ya sonona haina tendo. Hurudi baada ya kila ondoleo.

Mwaka 1987 wataalamu wa Edinburgh walichapisha maswali kumi ya kupimia hali hii. La mwisho huuliza kama mama amewaza kujidhuru. Mchungaji si daktari, lakini swali hilo aweza kuliuliza faraghani, kwa sauti ya kawaida. Kuuliza hakupandi wazo hilo. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake, na afikishwe hospitali siku hiyo hiyo.

Vivyo hivyo kwa mama mmoja au wawili katika elfu ambao, hasa katika majuma mawili ya kwanza, husikia sauti au husadiki kwamba mtoto si binadamu. Hao hupelekwa upesi kukemewa pepo. Maombi na yafanyike njiani kuelekea hospitali.

Malaika hakumkemea Eliya chini ya mretemu. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena. Uchagani mzazi alitunzwa hata miezi mitatu kwa mtori na mapumziko. Leo wengi hawana wa kuwapikia, na umoja wa wanawake usharikani waweza kupanga zamu.

Mama yule alitibiwa. Mtoto alibatizwa miezi kadhaa baadaye, naye mwenyewe ndiye aliyembeba mbele ya madhabahu.