Sauti Nne, Treki Nne: Kurekodi Nyumbani Ukiwa Hujui Kitu

Likizo ndefu iliyopita nilirudi nyumbani Ngana, wilayani Kyela, nikiwa na laptopu ya kuazima, maiki ya USB niliyoinunua kwa bumu, na imani kubwa kuliko ujuzi. Vijana wanne wa kwaya walikuwa wamesikia kwamba "huyu wa chuo ana mashine ya kurekodi". Hawakujua kuwa programu yenyewe nilikuwa nimeipakua wiki moja tu kabla, na kila nikiifungua naitumbulia macho kama mtu aliyekalishwa kwenye kiti cha rubani.

Tulirekodi hivyo hivyo. Siku tatu, wimbo mmoja, sauti nne na gitaa. Ukatoka vizuri, watu wakatumiana kwenye WhatsApp mpaka ng'ambo ya mto Songwe. Halafu nikafanya kosa nitakalolieleza huko mbele, na leo wimbo ule umebaki kwenye MP3 moja ambayo gitaa linaifunika besi. Aliyeimba besi alishavuka mpaka pale Kasumulu, yuko Karonga anatafuta maisha. Siwezi kumwongezea sauti, kwa sababu sauti yake haipo tena peke yake.

Kwa hiyo naandika kwa ajili ya mwenzangu ambaye hajui kitu kabisa, lakini kuna kwaya, bendi ya hosteli au bibi mwenye nyimbo anayemsubiri nyumbani.

Treki ni nini hasa?

Ukirekodi kwaya kwa simu moja, sauti zote zinaingia sufuria moja. Wali ukishaiva na chumvi imezidi, huna namna ya kuitoa. Programu ya treki nyingi inakuwezesha kuweka kila kiungo kwenye bakuli lake mpaka dakika ya mwisho. Soprano ina treki yake, alto yake, gitaa lake. Tena akikosea ubeti wa pili, anarudia yeye peke yake, tena ubeti ule tu. Wengine wanaendelea kunywa chai.

Wazee wetu hawakuwa na raha hiyo. Katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, kwa kawaida bendi ilipiga wimbo kwa pamoja tangu mwanzo hadi mwisho, na mmoja akiharibu, kazi inarudiwa. Huko Marekani, mpiga gitaa Les Paul alikuwa anahangaika na mashine ya kanda yenye treki nane tangu mwaka 1957. Mwaka 1979 kampuni ya Tascam ikatoa Portastudio, kimashine cha treki nne kinachotumia kaseti ya kawaida, na ndipo mtu wa kawaida akaanza kurekodi sebuleni. Leo laptopu yako ya kuandikia ripoti ya mafunzo kwa vitendo inabeba treki nyingi kuliko hizo zote.

Anza na ulichonacho

Audacity ni ya bure, na inatosha kujifunzia. Reaper inakupa siku 60 za kujaribu, na leseni yake ya bei nafuu ni dola 60. Usipoteze mwezi ukiuliza ipi ni bora. Chagua moja, umalize nayo wimbo mmoja.

Huna maiki? Tumia simu. Cheza gitaa la kuongozea kwenye laptopu, mwimbaji alisikilize kwa hedifoni, simu irekodi sauti yake. Kabla hajaanza, apige kofi moja sawasawa na mdundo wa kuhesabia. Baadaye ukiingiza faili la simu kwenye programu, utaliona kofi limesimama kama mwiba. Lisogeze likae juu ya mdundo ule, na sauti nzima itakaa mahali pake.

Fanya zoezi hosteli kabla hujaitisha watu. Imba wimbo mfupi mara tatu, kwenye treki tatu. Ndani ya jioni moja utakuwa umegusa karibu kila kitu cha lazima: kuongeza treki, kuiwasha ipokee sauti, kubonyeza kitufe chekundu, kusikiliza, kufuta, kurudia. Jifunze pia herufi mbili utakazoziona kwenye kila treki. M inainyamazisha treki. S inaiacha yenyewe isikike peke yake. Kwa herufi hizo mbili utagundua nani anaimba chini ya noti.

Mpangilio wa siku ya kurekodi

Kwanza, washa metronomu, ule mlio wa tik-tik, ukubaliane na wenzako kasi ya wimbo. Bila huo, gitaa la Jumatatu na besi ya Jumatano havitakutana.

Pili, rekodi gitaa pamoja na mtu mmoja anayeimba ovyo ovyo, kwa ajili ya kuongoza tu. Hao ndio njia. Wengine wote wataimba juu yao, na mwisho ile sauti ya kuongozea unaifuta.

Tatu, hedifoni ni lazima. Ukichezesha muziki kwa spika huku alto anarekodi, gitaa litaingia kwenye maiki yake, na treki ya alto itakuwa imeshachanganyika kabla hujaanza kuchanganya.

Nne, angalia kiwango. Mwimbaji aimbe sehemu yake ya nguvu kuliko zote, wewe urekebishe maiki mpaka mshale uchezee karibu na hasi 12 desibeli. Ukigonga sifuri sauti inapasuka, na hakuna dawa ya kuirudisha. Ikiwa ndogo kidogo, utaiongeza baadaye.

Kuna jambo linalowachanganya wengi: mwimbaji anajisikia kwenye hedifoni akiwa amechelewa, kama mwangwi. Si ushamba wake. Kompyuta inaipokea sauti kwa mafungu, na fungu linaitwa bafa. Programu ikipima sauti mara 44,100 kwa sekunde, bafa ya sampuli 1,024 ni kama milisekunde 23, na sauti ikiingia na kutoka, ucheleweshaji unazidi mara mbili ya hapo. Punguza bafa iwe 128 au 256. Laptopu ikianza kukwaruza, irudishe juu, uzime ile sauti yake inayorudi kwenye hedifoni, kisha umwambie aachie sikio moja wazi ajisikie mwenyewe.

Chumba ni nusu ya kazi

Nilianza kurekodi sebuleni kwetu. Kuta za saruji, sakafu tupu, kila neno linarudi. Jua lilipochomoza bati likaanza kulia. Mchana ikanyesha mvua ya Kyela, na mnaoijua mnaelewa: hata mazungumzo yalisimama.

Mama ndiye aliyesema, "Mwanangu, si muingie stoo ya mpunga?" Tukaingia. Magunia yamepangwa kuta tatu mpaka juu, na sauti ikawa kavu na safi kama ya redioni. Gunia la mpunga linaimeza sauti badala ya kuirudisha. Wewe wa hosteli, godoro, blanketi na nguo zilizotundikwa vitafanya kazi hiyo hiyo. Mwimbaji asimame kama shibiri moja kutoka kwenye maiki, na maiki iinamishwe kidogo pembeni mwa mdomo ili herufi P na B zisilipuke.

Na zima feni. Jogoo hazimwi, kwa hiyo subirini amalize.

Kuchanganya

Hapa ndipo wanaoanza tunapotea, kwa sababu programu imejaa mapambo. Mimi nilimwaga mwangwi kwenye kila treki mpaka kwaya ikawa kama inaimba kisimani.

Anza na vitelezi vya sauti tu. Shusha vyote. Pandisha sauti inayoongoza kwanza, kisha besi, kisha wengine, gitaa liwe la mwisho. Ukifika mahali maneno yote yanasikika bila kukaza sikio, umeshafanya sehemu kubwa ya kazi. Kisha tawanya: alto kushoto kidogo, tena kulia kidogo, anayeongoza na besi katikati. Kwenye treki za soprano na alto, kata mngurumo wa chini ya hezi 80 kwa ikwalaiza. Mwangwi uje mwisho, na uwe mdogo.

Sikiliza tena kwenye spika ya simu. Huko ndiko watu wako watakakousikilizia, na huko ndiko besi inakopotea kwanza. Mimi sikufanya hivyo. Niliona kwenye hedifoni iko sawa, nikatoa MP3, nikaisambaza.

Kuhifadhi, au kosa langu

Siku ya kurudi chuo nilikopi faili la mradi kwenye flashi, nikamrudishia mwenye laptopu mali yake. Faili lilikuwa la KB chache. Nikafurahi kwamba ni jepesi. Wiki mbili baadaye laptopu ile ikapigwa windozi upya.

Nilipofungua flashi ili nimpandishe yule wa besi, majina ya treki yote yalikuwepo: Soprano, Alto, Tena, Besi, Gitaa. Ndani hakuna kitu. Katika programu nyingi faili la mradi ni kama orodha tu. Linaeleza sauti fulani iko folda fulani, ianzie dakika fulani. Sauti zenyewe ziko pembeni, kwenye mafaili mengine. Audacity tangu toleo la 3.0 la mwaka 2021 inaweka vyote ndani ya faili moja, lakini nyingi haziko hivyo.

Basi kopi folda zima. Kisha toa kila treki kama WAV yake peke yake, zote zianzie sekunde ya sifuri, ili hata mtu mwenye programu nyingine aweze kuzipanga. Dakika moja ya treki moja ya ubora mzuri ni kama MB 8. Wimbo wetu wa dakika nne, treki tano, ungekula MB 160. Flashi yoyote inabeba. Weka nakala mbili, sehemu mbili tofauti, moja isiwe mikononi mwako. Na kabla hujarudisha kitu cha watu, fungua nakala kwenye kompyuta nyingine, ubonyeze S kwenye treki moja moja. Ukisikia mtu anaimba, umehifadhi.

Sikuwaficha wenzangu. Niliwapigia simu nikawaeleza. Soprano akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza likizo ijayo naanza lini. Wamepata mtu mwingine wa besi, na yule wa Karonga amesema akipata nafasi ya kuja ataingia stoo aimbe sehemu yake. Nimeshamwekea treki.