Mashine Kubwa, Mwendo Mkubwa? Kweli na Si Kweli za Injini za Majini Kagera

Ukitaka kasi, funga mashine kubwa zaidi.
SI KWELI, hasa kwa boti ya mbao iliyosheheni. Boti hiyo hulima maji, haipandi juu yake, na urefu wake ndio unaoiwekea ukomo. Yenye mita 10 majini ikikaribia kilomita 14 kwa saa, tezi linadidimia, omo inanyanyuka, na petroli ya ziada inaishia kutengeneza mawimbi. Hata chini ya ukomo huo, kupunguza mwendo kwa sehemu moja ya tano huacha haja ya karibu nusu tu ya nguvu. Anayepeleka ndizi Goziba au Bumbire apige hesabu hiyo kabla ya kukopa anunue HP 40.

Basi angalau nguvu inaleta usalama.
SI KWELI. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, Mwanza ikiwa karibu. Watu na mizigo walizidi, na meli haikuwa na uwiano. Hakuna injini inayotibu hilo.

Rafadha yoyote inafaa, mradi iingie.
SI KWELI. Mzigo mzito unataka mapanga yenye mshazari mdogo, kama lori linavyopanda Kamachumu kwa gia ndogo. Ukifungulia mafuta yote na mashine bado inanguruma kwa kujikokota, rafadha imeizidi. Kubadilisha rafadha ni nafuu kuliko mashine, ingawa muuzaji hatakuanzia hapo.

Meli huzeeka na injini yake.
SI KWELI. Liemba ya Ziwa Tanganyika ilijengwa Ujerumani mwaka 1913 ikiwa ya mvuke. Baadaye ikawekewa dizeli. MV Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, ilirudi kwenye safari za Bukoba mwaka 2020 ikiwa na injini mpya na jina la New Victoria Hapa Kazi Tu. Bodi zuri linastahili injini ya pili.

Magugu maji ni kero ya nyavu, si ya mashine.
SI KWELI. Mto Kagera huyashusha ziwani, nayo hujisokota kwenye rafadha na kuziba njia ya maji ya kupozea. Mfumo wa kusukuma kwa mkondo wa maji, usio na rafadha ya nje, ndio huyafyonza kabisa. Hapa kwetu nisingeununua. Tazama kijitundu kinachotema maji nyuma ya mashine. Kikikauka, zima hapo hapo, inua mashine, toa magugu.