Sento Loki ya Gari: Mambo ya Kujua Kabla ya Kukata Waya

Msimu mmoja wa mvua nililetewa gari ambalo milango yake yote ilikuwa ikijifunga yenyewe kila likipita kwenye shimo. Mwenye gari alikwishanunua mota mpya, na tatizo likabaki palepale. Nikauvuta mpira wenye mikunjo ulio kati ya mlango wa dereva na nguzo ya bodi. Ndani yake palikuwa na waya mwembamba uliochunika, shaba yake imegeuka kijani, na kila gari lilipotikisika ule waya uligusa bati. Mota haikuwa na kosa. Aliyefunga mfumo ule nyumbani alipitisha waya kwenye tundu lenye makali.

Kufunga sento loki kwenye gari lisilokuwa nayo ni kazi ambayo mtu makini anaiweza. Umeme wake ni mwepesi kuelewa. Kazi yenyewe hasa ni kuutunza waya.

Tuanze na umeme. Ndani ya kila mlango hukaa mota ndogo ya volti 12 inayosukuma au kuvuta fito ya kitasa. Mota hiyo ina nyaya mbili. Ukiipa moja chanya na nyingine hasi, inasukuma, ukizigeuza, inavuta. Kazi ya kugeuza huko hufanywa na kisanduku cha kontroli chenye rilei mbili ndani. Mfumo ukiwa umetulia, nyaya zote mbili za mota zimeunganishwa na hasi. Ukitoa amri ya kufunga, rilei ya kwanza inaurusha waya mmoja kwenye chanya kwa muda usiozidi sekunde moja hivi, kisha inaurudisha. Amri ya kufungua inafanya hivyohivyo kwa waya wa pili. Muda huo ni mfupi kwa makusudi: mota ikiendelea kupewa umeme baada ya fito kufika mwisho, inapata moto na kuungua.

Mota ya mlango wa dereva, katika seti nyingi za dukani, ina nyaya tano. Mbili ni za mota. Tatu nyembamba ni za swichi iliyo ndani yake, zinazopeleka amri kwenye kontroli pale dereva anapozungusha ufunguo. Rangi hutofautiana kwa kila mtengenezaji, kwa hiyo fuata mchoro uliokuja na seti yako, wala usikariri rangi za gari la jirani.

Kabla ya kushika chochote, fungua terminali hasi ya betri. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi utapiga shoti kubwa. Ukikuta nyaya za manjano au plagi za manjano, ziache kama zilivyo, kwani magari mengi hutumia rangi hiyo kwa mifuko ya hewa.

Waya wa chanya unaotoka kwenye betri lazima uwe na fyuzi, kwa kawaida ya ampea 15, au kama mchoro unavyosema, na fyuzi hiyo ikae karibu na betri. Wengi huiweka karibu na kontroli wakidhani inalinda kontroli. Fyuzi inalinda waya. Waya ukichunika kabla ya kufika kwenye fyuzi, hakuna kitakachouzuia kuwaka moto.

Ukishavua paneli ya mlango, shusha kioo hadi chini kabla ya kutoboa, uone kinapopita. Mota ikae sambamba na fito ya kitasa, na uisukume kwa mkono kwanza: ikikwama mkononi, itakwama na kwa umeme. Ile karatasi ya nailoni iliyobandikwa mlangoni irudishe vizuri, maana ndiyo inayozuia maji ya mvua kuingia ndani ya gari.

Sasa tunarudi kwenye ule mpira. Kama gari lina njia ya nyaya tayari, itumie. Kama unatoboa, lisugue tundu kwa tupa, livishe raba, na tundu la mlangoni liwe chini kidogo kuliko la nguzoni ili maji yasifuate waya hadi ndani. Acha waya ulegee kiasi, kisha fungua mlango hadi mwisho na uufunge, mara nyingi, ukiangalia kama unavutwa au unabanwa. Maungio yachomelewe kwa risasi na kufunikwa, nayo yakae mbali na bawaba. Waya unaopinda kila siku haufai kuwa na kiungo.

Unapojaribu kwa mara ya kwanza, acha kioo kimoja wazi na ufunguo uwe mfukoni.

Halafu kuna jaribio la mwisho, ambalo naomba usiliruke. Funga milango yote kwa sento loki, kisha ondoa tena terminali ya betri. Kaa ndani, ufungue kila mlango kwa mkono. Toka nje, ufungue wa dereva kwa ufunguo. Gari likipata ajali betri inaweza kukatika, na waliomo ndani watategemea mkono tu. Mlango mmoja ukigoma, kazi haijaisha.