Makabati ya Nyumba Mpya: Istilahi za Fundi na za Mwenye Nyumba

Katika makala haya tunakusudia kueleza istilahi zinazohusu makabati yanayotengenezwa kwa kipimo cha nyumba moja maalumu, yaani yale ambayo fundi seremala huyapima chumbani na kuyafunga humo humo. Huenda jambo hili likaonekana dogo mbele ya istilahi za sayansi, sheria na utawala, ambazo zimewashughulisha wanaistilahi wetu kwa miaka mingi. Hata hivyo, kila mwananchi anayejenga nyumba hulikuta. Gharama za makabati ya nyumba nzima si ndogo, na mapatano yake mara nyingi hufanywa kwa mdomo. Neno lisipokuwa na maana moja, mmoja kati ya wawili waliopatana hupata hasara.

Tuchukue mfano. Mwenye nyumba wa Fuoni anamwambia seremala: “Fundi, nataka kabati la chumba cha kulala, urefu wake futi sita.” Fundi anaitikia: “Inshallah, Bi Mkubwa, litakuwa tayari.” Katika maneno hayo machache mna maswali matatu yasiyojibiwa. Kwanza, kabati hilo litasimama peke yake au litashikana na ukuta? Pili, futi sita hizo ni za kwenda juu au za kwenda upande? Tatu, nguo zitakunjwa au zitaangikwa? Fundi atajibu maswali hayo kwa mazoea yake, na mwenye nyumba ameyajibu moyoni mwake kwa mazoea yake. Siku kabati linapofika ndipo majibu mawili yanapokutana, na mbao zimekwisha kukatwa.

1. Hifadhi ya ndani ya ukuta

Ili kuzielewa istilahi tunazozihitaji, yafaa kwanza tuzitazame nyumba za zamani. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Unguja zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta zake ni nene, kwa kawaida nusu mita au zaidi, na dari zake zilibebwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa urefu wa boriti una mpaka, vyumba vilikuwa virefu na vyembamba, upana wake ukikaribia mita tatu tu. Chumba cha namna hiyo hakina nafasi ya kusimamisha samani nyingi, lakini ukuta wake wenyewe una nafasi. Wajenzi waliitumia nafasi hiyo: walipokuwa wakiujenga ukuta waliacha pengo lisilotokea upande wa pili, wakalipaka chokaa, na likawa mahali pa kuwekea vyombo, vitabu au taa.

Pengo hilo ndilo kidaka. Huko Lamu, nchini Kenya, wingi wake husemwa zidaka, kwa kuwa Kiamu hutumia zi- pale ambapo Kiswahili sanifu hutumia vi-. Zidaka za Lamu zilipangwa safu juu ya safu, zikanakshiwa kwa chokaa, na zamani zilipambwa kwa vyombo vya kaure vilivyotoka ng’ambo. Neno jingine ni shubaka, lenye asili ya Kiarabu, ambako shubbak ni dirisha. Katika Kiswahili maana imehama, na shubaka likawa tundu la ukutani, linalopenya au lisilopenya, hasa la kuwekea taa na vitu vidogo. Aidha tunalo neno rafu, nalo la Kiarabu, kwa maana ya ubao uliolazwa ukutani wa kuwekea vitu juu yake.

Nguo, fedha na hati hazikuwekwa kidakani, kwa sababu kidaka hakina mlango. Hizo zilikaa katika sanduku au kasha. Kasha ni neno tulilolipokea kutoka Kireno, na jina lake limefuatana na lile sanduku kubwa la mbao lililopigwa misumari ya shaba, ambalo mara nyingi huwa na visanduku vidogo vya kuvuta sehemu ya chini. Hivyo nyumba ya zamani ilikuwa na namna mbili za hifadhi: iliyo sehemu ya ukuta na isiyohama, na iliyo mali ya kubebeka. Kila namna ilikuwa na jina lake, na hakuna aliyeweza kuzichanganya.

2. Ukuta wa matofali ya saruji

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, makazi ya mjini Unguja yalibadilika sana. Majumba ya maendeleo ya Kikwajuni, na baadaye yale ya Michenzani, yalijengwa kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki, na kuta zake hazikuwa zile za mawe na chokaa. Leo nyumba nyingi zinazojengwa Unguja ni za matofali ya saruji ya inchi tano au sita. Anayejaribu kuchimba kidaka katika ukuta kama huo atatokea chumba cha pili.

Kwa hiyo hifadhi imelazimika kutoka ndani ya ukuta na kusimama mbele yake. Fundi hujenga kwa mbao kile ambacho mwashi wa zamani alikijenga kwa mawe: hupima kona ya chumba, huweka mbavu, rafu na milango, kisha huvifunga vyote ukutani na sakafuni. Kitu hicho si kasha, kwa sababu hakibebeki. Wala si kidaka, kwa sababu kina mlango na kufuli. Wasemaji wamekiita kabati, na neno hilo sasa limebebeshwa mzigo wa vitu vingi vya namna mbalimbali. Wengine, kwa kuona halitoshi, wameanza kusema wadrobu na kloseti.

3. Kabati la kusimama, la kuangika na la kujengewa

Kanuni inayofuatwa katika uundaji wa istilahi ni kutazama kwanza hazina ya Kiswahili chenyewe kabla ya kukopa. Sisi tunaona kwamba katika jambo hili hazina hiyo inatosha. Kinachohitajika ni kulipa neno kabati kivumishi kitakachoeleza uhusiano wake na nyumba. Tunapendekeza istilahi tatu zifuatazo.

Kabati la kusimama ni lile lenye miguu au kitako chake, lisilofungwa popote. Mwenyewe akihama, huhama nalo. Hapa ndipo tunapolipa nafasi neno almari, ambalo Kihindi kililipata kwa Wareno. Tunapendekeza almari liwe kabati la nguo la kusimama, na kwa njia hiyo haja ya wadrobu itaondoka.

Kabati la kuangika ni lile linaloshikwa na ukuta peke yake bila ya kugusa sakafu, kama yale ya jikoni yanayokaa juu ya meza ya kupikia. Tumechagua kitenzi angika kwa sababu kina kinyume chake kilicho wazi, yaani angua. Kilichoangikwa huweza kuanguliwa, na alama itakayobaki ni matundu ya skrubu.

Kabati la kujengewa ni lile lililoundwa kwa kipimo cha mahali pake, ambalo ukuta, sakafu au dari ni sehemu ya umbo lake. Kulitoa ni kulibomoa. Baadhi ya watu husema kabati la ukutani, lakini jina hilo hulifaa pia kabati la kuangika, na kwa sababu hiyo halitoshi katika mapatano. Ikiwa nafasi ni kubwa kiasi cha mtu kuingia ndani na kuvaa, hicho si kabati tena bali ni chumba cha nguo.

Tofauti hizi si za kujipambia maneno. Nyumba inapouzwa, mnunuzi na muuzaji hupaswa kujua ni kipi kinachobaki na kipi kinachoondoka. Mpangaji aliyetengeneza kabati kwa fedha zake hupaswa kujua kabla ya kuanza kama ataweza kuondoka nalo. Katika mirathi nako, warithi wanaohesabu nyumba upande mmoja na vyombo upande mwingine hulazimika kuamua kabati limo upande gani. Hati inayosema “makabati matatu” haiwasaidii. Inayosema “almari moja na makabati mawili ya kujengewa” huwapunguzia ugomvi.

4. Sehemu za kabati

Zifuatazo ni istilahi tunazozipendekeza kwa sehemu za kabati, pamoja na maelezo yake:

Mbavu: mbao za pande mbili zinazosimama na kubeba rafu.

Mgongo: ubao wa nyuma. Kabati la kujengewa laweza kukosa mgongo, ukuta wenyewe ukawa mgongo. Jambo hili lielezwe katika mapatano, kwani hupunguza bei na pia hupunguza kinga dhidi ya unyevu.

Rafu: ubao uliolala wa kuwekea vitu. Wapo wanaolihofia neno hili kwa sababu ya mchezo wa rafu unaosemwa viwanjani. Hatuoni hatari yoyote: muktadha hutenganisha, na hapana seremala atakayedhani ameagizwa kumchezea mtu vibaya.

Saraka: kisanduku cha kuvuta na kusukuma. Wengi husema mtoto wa meza, na kwa kabati waweza kusema mtoto wa kabati. Jina hilo ni zuri na tungependa lidumu katika mazungumzo. Kwa maandishi ya ufundi, saraka ni fupi zaidi na huzaa maneno mengine kwa urahisi, kama reli za saraka na uso wa saraka. Neno droo, linalosikika sana, lina maana pia ya kutoka sare katika mchezo. Kwa hiyo mwenye kulikataa neno rafu kwa sababu ya viwanja vya mpira hana haki ya kulikimbilia droo.

Kidaka: nafasi iliyoachwa wazi katika kabati bila ya mlango, kwa vitabu, redio au mapambo. Neno la zamani linapata kazi mpya iliyo karibu sana na ile ya kwanza.

Ufito wa kuangikia: mti au bomba lililopitishwa kutoka ubavu hadi ubavu kwa ajili ya nguo.

Kiango: kidude cha kuangikia kilichofungwa ubavuni au nyuma ya mlango. Zamani kilishika taa. Sasa na kishike kofia na mkoba.

Bawaba, kitasa na komeo: maneno haya yamekwisha kukomaa katika milango ya nyumba, nayo yatumike vivyo hivyo katika milango ya makabati.

5. Vipimo na mbao

Neno linaloleta hasara zaidi katika kazi hii ni urefu, kwa sababu mmoja hulitumia kwa kwenda juu na mwingine kwa kwenda upande. Tunapendekeza liachwe kabisa katika mapatano ya makabati, na mahali pake pawekwe maneno matatu: kimo, yaani kutoka chini kwenda juu, upana, yaani kutoka ubavu hadi ubavu, na kina, yaani kutoka uso hadi mgongo.

Kina ndicho kipimo kinachosahauliwa zaidi, ilhali ndicho kinachoamua kama kabati litafaa. Henga ya kawaida ina upana wa sentimita 45 hivi, na nguo huizidi kila upande. Kwa hiyo kabati la nguo za kuangika huhitaji kina cha sentimita 60 hivi. La nguo za kukunja laweza kupungua. Aidha kanzu na mabuibui huhitaji kimo cha mita moja na nusu au zaidi chini ya ufito. Anayeweka rafu katikati bila ya kuuliza atazikunja kanzu za watu miguuni.

Kuhusu mbao, jina la mti litajwe: mvule, msaji, mfenesi, mninga au mkongo. Neno “mbao nzuri” halina maana katika mapatano. Vivyo hivyo plaiwudi itenganishwe na ubao uliotengenezwa kwa vumbi la mbao na gundi, kwani huo wa pili ukinywa maji huvimba na haurudi. Hali ya hewa ya Unguja ni ya unyevunyevu, hasa wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei. Kwa sababu hiyo ni vyema kuacha mwanya mdogo kati ya mgongo na ukuta ili hewa ipite, na kulikagua kabati mara kwa mara kwa ajili ya mchwa.

6. Hitimisho

Sasa turudi kwa agizo la mwenye nyumba wetu wa Fuoni na kuliandika kwa istilahi hizi: “Kabati moja la kujengewa, la mvule, lenye mgongo wa plaiwudi, kimo sentimita 240, upana sentimita 183, kina sentimita 60, nusu ya kulia iwe na ufito wa kuangikia, nusu ya kushoto iwe na rafu nne na saraka mbili, milango minne, bawaba tatu kila mlango, na kitasa kimoja kwa kila jozi ya milango.” Sentensi hiyo ni ya Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuna neno ndani yake ambalo fundi au mwenye nyumba hawezi kuelezwa kwa dakika moja. Ikitiwa saini na wote wawili, kila mmoja anajua anachodai na anachodaiwa.

Istilahi hizi ni mapendekezo. Tunawaomba mafundi, walimu wa vyuo vya mafunzo ya amali, wanasheria na wasomaji wengine wazijaribu kazini, na watuandikie wakikuta neno linalotumika zaidi karakanani au linaloeleza kitu kwa ubora zaidi. Hasa tungependa kupata majina ya sehemu za makasha na milango ya zamani kutoka kwa maseremala wazee wa Unguja na Pemba, kabla majina hayo hayajasahauliwa.