Krismasi katika Nchi ya Majani Chai

Katika kaunti za Kericho na Bomet nchini Kenya, Krismasi huanza kupangwa kanisani kabla haijaanza kupangwa jikoni. Wiki kadhaa kabla ya tarehe 25 Desemba kamati imeshakaa, mchango umeshatajwa, kwaya inafanya mazoezi kila jioni, na inajulikana ni nani atakayetoa sufuria kubwa na ni nani atakayetoa mbuzi. Familia huipokea sikukuu ikiwa tayari na umbo lake. Chanzo cha desturi hiyo ni historia ya misheni katika nchi ya Wakipsigis, mojawapo ya jamii za Wakalenjin, lakini majani chai nayo yamechangia, kwa sababu yaliwaleta pamoja watu wasiokuwa na ukoo mmoja wala lugha moja.

Ukristo uliingia huku mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1905 Mmarekani Willis Hotchkiss, mmoja wa waanzilishi wa misheni ya Waquaker ya Kaimosi, alianzisha Lumbwa Industrial Mission upande wa Kipkelion ya leo. Misheni ya Africa Inland ilijenga kituo Litein katika miaka ya 1920. Muongo uliofuata, wamisionari wa World Gospel Mission wakaanza kazi Tenwek, karibu na mji wa Bomet, na kutokana na kazi hiyo likazaliwa kanisa la Africa Gospel Church, ambalo leo lina matawi karibu kila kilima cha eneo hili. Wakatoliki waliongezeka hadi Kericho ikafanywa jimbo lake mwaka 1995, ikimegwa kutoka jimbo la Nakuru. Biblia kamili ya Kikalenjin ilitolewa mwaka 1969. Habari ya kuzaliwa kwa Yesu katika Injili ya Luka husomwa vijijini kwa lugha ambayo bibi kizee asiyejua Kiswahili anaifuata neno kwa neno.

Wamisionari hawakukuta watu wasiojua kusali pamoja. Wakipsigis walimwomba Asis, Mungu wao, na kwa nyakati maalumu watu wa eneo zima walikusanyika mahali palipoitwa kapkoros, juu ya kilima, kutoa sadaka na kuombea mvua, mifugo na watoto. Nyumbani kulikuwa na mabwaita, madhabahu ya matawi ya miti yaliyosimamishwa nje ya nyumba, ambapo sherehe za familia zilifanyika. Misheni za kwanza zilizipiga marufuku nyingi za desturi hizo. Hata hivyo, mazoea ya kumwendea Mungu kama ujirani mzima, wazee wakiwa mbele na watoto wakiwa karibu, hayakuwa mageni kwa waongofu wa kwanza, na huenda ndiyo maana sikukuu ya kanisa ilikubalika upesi kuwa sikukuu ya kijiji.

Halafu kuna majani chai. Kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilianza kupanda chai kwa wingi Kericho katikati ya miaka ya 1920, na baada ya uhuru wakulima wadogo nao wakaingia kupitia shirika la maendeleo ya chai, KTDA, lililoundwa mwaka 1964. Viwanda vya wakulima kama Kapkatet, Litein, Mogogosiek, Kapkoros na Tirgaga ndivyo vinavyoamua, kwa kiasi kikubwa, Krismasi itakuwaje. Mkulima hulipwa sehemu ya fedha zake kila mwezi kulingana na kilo alizopeleka kituoni, kisha hupata bonasi baada ya mwaka wa hesabu kufungwa mwezi Juni. Bonasi huingia kwa kawaida mwezi Oktoba. Karo hulipwa, deni la mbolea hulipwa, bati hununuliwa, na kinachosalia ndicho kinachofika Desemba. Wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa wamelalamika kwa miaka mingi kwamba bonasi yao iko chini ya ile ya wenzao wa eneo la Mlima Kenya, na mwaka ambao bonasi ni ndogo hujulikana hata kwa nguo za watoto siku ya Krismasi. Nguo mpya ni sehemu ya sikukuu hii. Mzazi atajinyima mengi mwanawe asikose shati jipya la kwendea kanisani.

Majani hayangoji sikukuu. Kichaka cha chai huchunwa kila baada ya wiki moja au mbili, na jani likikomaa kupita kiasi kiwanda hulikataa. Kwa hiyo siku za kuelekea Krismasi ni za kazi nyingi: watoto walio likizoni huingia shambani pamoja na mama zao tangu asubuhi, wakati umande bado mzito, ili zamu imalizike kabla ya tarehe 24.

Katika mashamba makubwa ya kampuni, Krismasi ina sura nyingine. Wafanyakazi wengi wa laini, zile safu za nyumba za kampuni, wametoka Kisii, sehemu nyingine za Nyanza, na Magharibi, na kila Desemba sehemu kubwa yao hufunga mizigo kurudi makwao. Nauli hupanda, stendi ya Kericho hujaa magunia na magodoro, na makanisa huweka maombi ya wasafiri katika kila ibada. Maombi hayo yana uzito huku. Barabara ya Kericho kwenda Nakuru ina kumbukumbu chungu, ikiwemo ajali ya Londiani Junction ya tarehe 30 Juni 2023 iliyoua watu zaidi ya 50.

Wanaobaki kwenye laini kwa sababu ya zamu, au kwa kukosa nauli, ndio ambao kanisa huwa nyumbani kwao hasa. Ibada za huko huendeshwa kwa Kiswahili, maana Mkisii, Mluo, Mluhya na Mkipsigis wanakaa kwenye benchi moja. Kwaya huimba kwa zamu za lugha, na wimbo wa Kikalenjin hupokelewa kwa makofi na watu waliojifunza maneno yake kwa kusikia tu. Eneo hili limewahi kugawanywa vibaya na siasa za kikabila, hasa baada ya uchaguzi wa mwaka 2007, na wapo waliofukuzwa humu wasirudi. Ndiyo sababu sahani moja ya pilau inayozunguka katika kanisa la laini si jambo dogo. Miaka ya karibuni mashine za kuchuna zimepunguza wafanyakazi, na baadhi ya laini zilizokuwa zimejaa zina milango iliyofungwa mwaka mzima. Makanisa ya huko yamebaki na waumini wachache, na Krismasi zao zimepungua vivyo hivyo.

Kwa Wakatoliki, maandalizi hufuata Majilio, Jumapili nne za kungoja ambazo padri huvaa zambarau. Kazi yenyewe hufanywa na jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, vikundi vya familia jirani vinavyokutana nyumba kwa nyumba kila juma. Maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya jumuiya hizo kuwa msingi wa uchungaji katika miaka ya 1970, na katika nchi ya chai zimekaa vizuri, kwa kuwa Wakipsigis walikuwa tayari na kokwet, ujirani unaokaa pamoja kuamua mambo yake. Jumuiya moja husafisha kanisa, nyingine hupamba, nyingine hujenga pango la Noeli kwa matawi, majani makavu na matope. Mti wa Krismasi ni tawi la msaipresi lililokatwa kwenye ua, likavishwa baluni na karatasi za rangi. Haununuliwi.

Kanisa kuu la jimbo, Moyo Mtakatifu wa Yesu mjini Kericho, lilifunguliwa mwaka 2015. Lina nafasi ya watu wapatao 1,500, na paa lake refu la vigae hupanda na kupanuka kadiri mtu anavyosogea altareni. Ndani, dari ni la vipande vyembamba vya mbao vinavyoshuka pande zote mbili. Misa ya usiku wa Noeli hulijaza hadi watu kusimama nje. Lakini Wakatoliki wengi wa jimbo hili hawaioni misa hiyo. Wao wako kwenye vigango, makanisa madogo ya mbali ambayo padri mmoja huyazungukia kwa pikipiki au gari, na pale asipofika ni katekista anayeongoza ibada. Anayetaka kuijua Krismasi ya nchi hii ataijua vizuri zaidi kigangoni.

Makanisa ya Kiprotestanti hufanya mkesha tarehe 24, wenye nyimbo, ushuhuda na mahubiri, ingawa mengine huumaliza mapema ili watu wasitembee gizani. Asubuhi ya tarehe 25 ibada ni ya watoto kwa sehemu kubwa. Watoto wa shule ya Jumapili hukariri mistari waliyofundishwa tangu Novemba na kuigiza kuzaliwa kwa Yesu: wachungaji wa kondoo wenye fimbo za kweli za kuchungia, malaika waliojifunga shuka, Mariamu mwenye leso ya mama yake. Kwa watoto wanaochunga ng'ombe wa nyumbani kila jioni, hori na wachungaji havihitaji maelezo. Mhubiri naye hutumia nafasi hiyo kuwakumbusha watu wazima kwamba habari ya kwanza ya Krismasi ilipelekwa kwa watu waliokuwa kazini usiku.

Baada ya ibada, makanisa mengi hula pamoja. Kina mama huwa wameamka alfajiri. Mawe matatu yamepangwa nyuma ya kanisa, wali uko motoni, viazi vimemenywa, na vijana wanachuna ngozi ya mbuzi. Wazee huhudumiwa kwanza, kisha wageni, kisha watoto. Jioni kila familia hukusanyika kwake, kwa kawaida nyumbani kwa babu na bibi, na huko chakula hurudi kuwa cha kienyeji. Kuna kimyet, ugali mweusi wenye unga wa wimbi, mboga ya saga iliyotiwa maziwa, nyama, na chapati. Chapati zilikuwa chakula cha sikukuu tu kwa vizazi vilivyopita, kwa kuwa unga wa ngano ulikuwa wa kununua, na bado Krismasi bila chapati huonekana kama siku ya kawaida.

Mursik huhitaji mipango ya mapema zaidi. Maziwa huchemshwa, hupozwa, kisha hutiwa kwenye sotet, kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, na kuachwa siku nyingi hadi yagande. Mama anayetaka kuwapa wanawe waliotoka Nairobi mursik iliyoiva hulazimika kujaza vibuyu mapema Desemba, ng'ombe wakiwa bado wanakamuliwa vizuri kabla ukame wa Januari haujaingia. Hakuna zawadi ya dukani inayoshinda kibuyu hicho kwa mwana aliyekaa mbali mwaka mzima.

Desemba ni pia msimu wa tohara ya wavulana. Wakipsigis huwapeleka vijana jandoni shule zikifungwa, na kipindi cha kukaa faraghani huangukia katikati ya sikukuu. Zamani kanisa na jando viligombana waziwazi. Siku hizi makanisa mengi yana vikundi vyao, ambapo vijana hufundishwa na wazee waumini: heshima, kazi, historia ya ukoo, na pamoja na hayo Biblia, bila pombe na bila vipigo. Familia yenye kijana jandoni hula Krismasi ikiwa na pengo mezani, na chakula chake hupelekwa huko. Kutoka kwa vijana hao jandoni, kukiwa na ibada ya shukrani, huwa karamu nyingine inayoshindana na Krismasi yenyewe. Kwa wasichana, ukeketaji ulipigwa marufuku na sheria ya mwaka 2011, lakini haujakoma kabisa, na likizo ya Desemba ndiyo wakati wa hatari kubwa zaidi. Makanisa yanayowakusanya wasichana kwa mafunzo ya wiki nzima katika likizo hiyo yanafanya kazi ya lazima kuliko mapambo yoyote.

Si kila Mkristo wa eneo hili huadhimisha siku hii. Mashahidi wa Yehova hawaiadhimishi, na Wasabato, ambao ni wengi hasa miongoni mwa Wakisii wa mashambani, hawana fundisho linaloiagiza, ingawa familia zao hukusanyika na kula pamoja kama wengine. Makanisa yenye asili ya vuguvugu la utakatifu, kama Africa Gospel Church, hukataza pombe kabisa, na huwaonya waumini kuhusu busaa na chang'aa, ambazo Desemba hubomoa nyumba nyingi.

Hospitali ya Tenwek haifungwi siku ya Krismasi. Akina mama hujifungua, majeruhi wa barabarani hufika, na wauguzi hupangiana zamu ya sikukuu. Makanisa ya karibu huwa na desturi nzuri ya kuwatembelea wagonjwa, kuwaimbia na kuwaombea kitanda kwa kitanda. Wajane na wazee wasioweza kutembea hupelekewa chakula nyumbani, na hapo jumuiya hupimwa: orodha ya wahitaji lazima iwe imeandikwa mapema, tena na mtu anayewajua kweli.

Kuanzia tarehe 26 Desemba, ukoo ukiwa bado umekusanyika, huja zamu ya koito, mkutano wa familia mbili kukubaliana mahari. Wajomba na shangazi wote wapo, ambao mwezi mwingine wasingepatikana, na mchungaji au katekista huombwa kufungua kwa sala. Harusi hufuata, wakati mwingine mbili kwa siku moja katika kanisa moja. Tarehe 31 watu hurudi kanisani kwa mkesha wa mwaka mpya, na sadaka ya shukrani hutolewa kwa fedha, kwa mahindi, hata kwa kuku. Shule hufunguliwa Januari, na mara nyingi kamati ile ile iliyoandaa Krismasi hukaa tena juma hilo kuchangia karo ya watoto ambao wazazi wao bonasi iliwapita.