Oili ya Turbini na Ukoko wa Kaboni Katika Helikopta (Sehemu ya Pili)

Baada ya kuelezwa jinsi oili inavyolainisha na kupoza beringi, yaani vyuma vinavyobeba shafti inapozunguka, yafaa sasa kutazamwa jinsi oili hiyohiyo inavyoweza kuziba njia zake yenyewe. Oili ikituama juu ya chuma chenye joto kali huvunjikavunjika, sehemu zake nyepesi hugeuka mvuke, na kinachosalia hukauka kikawa gamba jeusi, gumu mfano wa ukoko wa wali ulioungulia sufuriani. Katika injini ya Rolls-Royce M250, ambayo zamani ilijulikana kama Allison 250 na ndiyo inayorusha helikopta za Bell 206, gamba hilo hupenda upande wa turbini, ambako beringi namba 6, 7 na 8 hupata oili kwa mirija myembamba na kuirudisha kwa njia zinazopakana na gesi ya moto. Njia ya kurudishia ikizibika, oili hujaa, huvuja kwenye sili na kuonekana kama moshi katika ekzosi. Ya kupelekea ikizibika, beringi hufa kimyakimya, na hilo ndilo baya zaidi.

Oili hizi hutengenezwa kwa esta za sintetiki. Kiwango cha Marekani cha MIL-PRF-23699, kinachotaka mnato wa takriban sentistoki 5 katika nyuzijoto 100 za Selsiasi, kinatambua daraja la kawaida, kama AeroShell 500 na Mobil Jet Oil II, na daraja la HTS, lenye uthabiti zaidi dhidi ya joto, kama AeroShell 560 na Mobil Jet Oil 254. Kwa injini inayozimwa na kuwashwa mara nyingi kwa siku, HTS ndiyo chaguo la busara, ilimradi mtengenezaji ameiidhinisha, kwani baadhi ya oili za daraja hilo huzisumbua sili za mpira za injini kuukuu. Anayehamia HTS akague filta mapema na mara kwa mara, maana ukoko wa zamani unaweza kubanduka ukaziba kwingine.

Hata hivyo, hakuna oili inayomsamehe rubani mwenye haraka. M250 huachwa ikizunguka taratibu kwa dakika 2 kabla ya kuzimwa, ili oili iondoe joto la turbini. Anayezikata dakika hizo ataupata ukoko, hata akinunua oili bora kuliko zote.